Farasi wa Norco, punda wa Lamu, na pua zetu zenye upendeleo

Juzi nimefika kazini kiatu kinanuka. Bibi ninayemtunza anakaa Norco, mji mdogo mashariki ya Los Angeles, na Norco mwenda kwa miguu hana lake. Pale pembeni mwa barabara, ambapo miji mingine imemwaga saruji wapite watu, wao wameacha njia ya udongo yenye uzio, na njia hiyo ni ya farasi. Ukishuka kwenye basi unapita humo humo, wewe na mavi yao. Nilisonya mpaka mlangoni.

Hasira zilipopoa nikatuma picha kwenye grupu la ukoo: farasi wawili wamefungwa kwenye gogo mbele ya mkahawa, wenyewe wako ndani wanakula baga. Loo, sifa zilivyomiminika! Mashallah. Wenzetu wanaishi. Dada tuombee na sie. Na aliyetangulia kusifu ni binamu yangu wa Lamu, yule yule ambaye hatupumui kwa kelele zake kwamba punda watolewe mjini, wanachafua Usita wa Mui, njia kuu ya mji, watalii watatuonaje.

Hapo ndipo niliposhindwa kunyamaza.

Norco ilijitangaza mji mwaka 1964 na inajiita Horsetown USA, na hawatanii. Kwenye taa za kuvukia barabara kuna kitufe cha mtu wa chini na kingine juu, usawa wa mkono wa aliyepanda. Viwanja vimekatwa vikubwa ili nyuma ya nyumba pabaki mahali pa mnyama. Hapo sisi tungeshainua vyumba sita vya kupangisha, choo kimoja. Jirani akija kulalamika harufu, anaambiwa aliikuta.

Najua mshaanza. "Huyu juzi tu alikuwa anachota maji kisimani, leo mavi ya Marekani yanamnukia asumini." Hayaninukii! Si nimesema nilisonya? Wala sisemi Lamu tuige Norco. Vichochoro vyetu wakipishana punda wawili wenye mizigo, mmoja lazima arudi nyuma, sasa hiyo njia ya farasi yenye uzio mtaiweka juu ya paa?

Ninalosema ni hili: kinachotukera si mnyama, ni mwenye mnyama. Nendeni Karen, mtaa wa matajiri Nairobi. Farasi anapita pembeni, magari yanapunguza mwendo, na sijamsikia mtu akisema Karen ni kijijini. Kisha tokeni hapo mkamwangalie punda wa mkokoteni wa maji huko mitaani kwetu, anavyopigiwa honi na kutukanwa, yeye na kijana anayemwongoza. Farasi na punda wote wanakunya barabarani. Mmoja wa tajiri, mmoja wa mtu wa kibarua.

Na huyo punda wa Lamu tunayemwonea haya ndiye aliyeubeba mji. Asubuhi chombo kikitia nanga, utamkuta kwenye ngazi za gati, shogi, yale makapu ya mgongoni, imejaa mchanga pande zote mbili, kitoto nyuma kinampigia kelele, na wazee walioketi madakani wanakunja miguu apite bila hata kukatiza mazungumzo. Mji uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, na nyumba hizo mnazozikarabati mkawakodisha wageni, mawe yake na boriti zake zilipanda na nani? Na gari gani?

Wenye punda nao siwatetei. Mnyama amebeba kutwa, jioni anafunguliwa akajitafutie, unamkuta jalalani anatafuna katoni na mfuko wa plastiki. Mgongo una kidonda, kesho shogi inarudi juu yake. Waingereza ndio walikuja mwaka 1987 wakaanzisha kituo cha punda, na mpaka leo anatibiwa bure. Hili linaniuma kuliko kiatu changu. Tunafuga mnyama karne na karne, kisha anayekumbuka kumsafisha kidonda ni mgeni, na sisi kazi yetu ni kulalamikia kinyesi.

Kinyesi chenyewe kina dawa. Kizolewe kila alfajiri, kipelekwe mashambani. Kaunti inatoza ushuru kila kona, haiwezi kuajiri vijana wenye mafagio? Msiniambie hakuna pesa, sherehe mnafanya.

Binamu kanijibu kwa sauti ya dakika tatu. Eti farasi ni wa kifahari na punda ni punda, nisilinganishe. Haya, Norco punda pia wapo, wamo kwenye nyua zao wanakula majani makavu ya kununuliwa, na hakuna anayewaonea haya. Nimtumie picha hiyo pia? Atasema wa Marekani ni weupe.

Na nyie wa "kama unawapenda hivyo, mbona hurudi ukawafuga?" Nirudi na nini? Kodi ya nyumba ya huku mnanilipia nyie?