Nasaba Isiyo na Mama

Jumamosi iliyopita nilifuatana na watu wetu kwenye posa, hapa hapa Lamu. Wanawake tulikaa ukumbi wa ndani, mlango umerudishwa nusu ili tusikie. Kijana wetu ni fundi wa majahazi wa Matondoni, ana dini, hana neno na mtu. Mzee wa upande wa pili aliuliza moja tu: "Baba yako twamjua. Na mama yako je, ni watu gani?" Kijana akajibu kwa adabu kwamba mama yake ni Mpokomo, wa kando ya mto Tana huko bara. Kahawa ikapoa vikombeni. Tulirudi na sinia zetu kama tulivyokwenda nazo.

Ukutani, juu ya kichwa cha yule mzee, palitundikwa nasaba ya ukoo ndani ya kioo. Niliisoma kupitia upenyo wa mlango: majina 14, fulani bin fulani bin fulani, mpaka bandari ya ng'ambo. Mwanamke hamna hata mmoja. Tangu siku hiyo nimekosa utulivu.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani yetu. Profesa Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia, alikuwa miongoni mwa walioongoza kazi hiyo. Manda imo, Faza imo, Mtwapa na Kilwa pia. Wenye vioo ukutani wakafurahi, kwa sababu Uajemi ilionekana kweli, damu ikianza kuchanganyika karibu mwaka 1000. Haya, nakubali. Waliosema kwa miaka mingi kwamba habari za Washirazi, yaani wahenga waliotoka Shirazi ya Uajemi, ni uzushi mtupu, walikosea. Lakini anayeutaja utafiti huu na autaje wote.

Kromosomu Y, kifurushi kimoja cha vinasaba, mtoto wa kiume huipata kwa baba. Mitokondria, kile kitanuri kidogo cha seli kinachogeuza chakula kuwa nguvu, kina vinasaba vyake peke yake, herufi 16,569, na vinasaba hivyo hutoka kwa mama. (Zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita kilikuwa bakteria anayejitegemea, akaingia katika seli nyingine, akakaa, na leo bila yeye hatuvuti pumzi. Kila nikilifikiri jambo hili nasema Subhanallah.) Sasa, katika mifupa ile, Y nyingi ni za Asia. Mitokondria karibu zote ni za Afrika. Walioshuka chomboni walikuwa wanaume. Waliowapokea na kuwazalia walikuwa binti za huku, na hawakupokewa porini: Shanga, kisiwani Pate, palikuwa na watu na msikiti tangu karne ya 8.

Kwa hiyo swali la mzee, "mama yako ni watu gani", jibu lake kwa wale wa Manda na Faza ni lile lile alilotoa kijana wetu. Mama ni wa huku. Kijana amekataliwa kwa jambo lile lile lililowafanya wakubwa wa zamani kuwa Waswahili.

Nitaambiwa makaburi hayo ni ya wenye mali, yaliyo karibu na misikiti, si ya kila mtu. Ni kweli. Lakini hao ndio hasa ambao wenye nasaba ukutani wanajinasibisha nao.

Tena hesabu. Ukirudi nyuma vizazi kumi, una nafasi 1,024 za waliokuzaa. Nasaba ile inamtaja mmoja. Hao wengine wote nao wamekuzaa, ila jina hawana. Na lugha uliyomkatalia kijana wa watu umeipata wapi? Bandari ni neno la Kiajemi, sawa. Lakini mimba, kitovu, maziwa, nyumba, ni maneno ya mama. Watoto wa wale wageni walikua wakizungumza kama mama zao, na ndiyo maana leo twasema Kiswahili na si Kiajemi.

Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, nayo haikuulizwa na mtu siku ile. Jeni yake moja humkinga mtoto na malaria kali, ndiyo maana imedumu pwani. Mbili zikikutana humtesa umri wake wote. Hilo ndilo la kupimwa kabla ya ndoa.

Hapa kwetu nyumba hupewa binti. Nyumba ile ambamo nasaba imetundikwa ni ya mke wa yule mzee, naye aliipata kwa mama yake. Amefagia chini ya kioo kile miaka yote ya ndoa yake, na jina lake halitaingia humo.

Jana usiku nilichukua daftari nikaenda kwa mama, nikamwomba anitajie mama yake, na mama wa mama yake, hivyo hivyo kurudi nyuma. "Wataka nini na wafu, mwanangu?" Nikamwambia nataka kuwaandika. Alinitajia watano, polepole, kila mmoja na mtaa alioishi. Wa sita jina lake halijui. Alichosikia ni kwamba alivushwa kutoka bara akiwa msichana, na kwamba nyumba hii tuliyomo ilijengwa kwa ajili yake.