Tusiwachome Wateja kwa Jina la Kuwarudishia Ujana

Wateja wengi wanaofika katika vyumba vya urembo vya Nairobi wakilalamika kwamba nyuso zao zimezeeka hawana makunyanzi ya kutajika. Walicho nacho ni mabaka ya kahawia mashavuni na juu ya mdomo, alama nyeusi zilizoachwa na chunusi, na rangi isiyolingana kutoka kipajini hadi kidevuni. Ngozi nyeusi ndivyo inavyozeeka: melanini, yaani rangi asilia ya ngozi, huikinga kiasi dhidi ya miale ya jua inayovunja kolajeni, protini inayoifanya ngozi ikaze, hivyo mikunjo huchelewa, lakini seli zizo hizo zinazotengeneza melanini hushtuka upesi, na kila mwasho au mchomo huweza kuacha doa la miezi mingi. Kwa hiyo nashikilia kwamba, kwa wateja wetu, kutibu mabaka na kutibu dalili za uzee ni kazi moja, na kwamba kazi hiyo huharibika pale mhudumu anapoanza kwa kuchubua.

Kinachonisikitisha zaidi ni haraka. Mteja anasema harusi ni mwezi ujao, na mhudumu asiyetaka kumpoteza anampaka asidi kali ya kubandua ngozi. Uso hung'aa kwa siku chache, kisha weusi hurudi ukiwa mzito kuliko awali, kwa kuwa mchomo wenyewe umezaa doa jipya. Wengine huuziwa krimu za kuchanganywa zisizoonyesha viambato, ilhali Kenya ilipiga marufuku zebaki na haidrokwinoni, kemikali ya kufifisha rangi ya ngozi, katika vipodozi tangu 1998. Zebaki hudhuru figo. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu bila daktari huweza kuleta weusi wa kijivu ulio mgumu mno kuondoka, na steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe ambazo nazo huchanganywa katika krimu hizo, hufanya ngozi kuwa nyembamba hata mishipa ikaonekana. Huo ni uzee ulionunuliwa dukani.

Jua nalo tunalidharau, hasa Julai, kunapokuwa na baridi na mawingu. Jiji letu liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kusini kidogo tu mwa ikweta, na miale ya urujuanimno hupenya mawingu hayo. Zaidi ya hapo, hata nuru ya kawaida tunayoiona kwa macho huchochea mabaka katika ngozi nyeusi, na krimu nyingi za kukinga jua zisizotiwa rangi haziizuii ipasavyo; zilizotiwa rangi kwa oksidi ya chuma ndizo zinazosaidia. Mteja asiyekuwa tayari kupaka krimu hiyo kila asubuhi aambiwe waziwazi, kabla hajatoa pesa, kwamba matibabu mengine yote yatakuwa kazi bure.

Baada ya hapo ndipo dawa zinapoingia, tena polepole. Kwanza aache ndimu, sabuni kali na kusugua kwa sponji ngumu, ngozi itulie. Asidi ya azelaiki na naiasinamaidi, viambato vya kupaka vinavyofifisha mabaka, huvumiliwa vizuri na wengi. Retinoidi, dawa ya jamii ya vitamini A inayopakwa kwa kiasi kidogo usiku mara mbili kwa wiki mwanzoni, hufaa mabaka na mikunjo kwa pamoja, ila haifai kwa mjamzito. Na kwa kuwa mabaka mara nyingi huanza wakati wa ujauzito au kwa dawa za kupanga uzazi, swali la ujauzito na dawa hizo lazima liulizwe, kwa staha na faraghani. Mabadiliko ya maana huhitaji wiki nane hadi kumi na mbili, wakati mwingine zaidi. Vile vipele vidogo vyeusi vya mashavuni, ambavyo mara nyingi hurithiwa katika ukoo, havina madhara na havisikii krimu yoyote.

Doa linalobadilika umbo, linalotoka damu, au lililo chini ya kucha au kwenye wayo si la chumba cha urembo hata kidogo. Mteja huyo apelekwe kwa daktari wa ngozi wiki hiyo hiyo, bila kupakwa chochote.