Kuhesabu mashina hakutoshi

Ahinahina ni mmea wa kuutazama kwa karibu. Majani yake membamba yamejipanga duara, na kila moja limefunikwa vinyweleo vya rangi ya fedha vilivyosongamana mpaka jua likiyapiga yanameremeta. Huota juu ya mita 2,000 katika milima ya volkano ya Hawaii, Haleakala na Mauna Kea, penye jua kali mchana na baridi ya kugandisha usiku. Huishi miaka mingi bila kuchanua. Siku yake ikifika hutoa bua moja linaloweza kumzidi mtu urefu, lenye mamia ya maua, likazaa mbegu, kisha mmea wote ukafa.

Asili yake ni mimea midogo ya California, jamii ya alizeti, iliyovuka zaidi ya kilomita 3,500 za bahari yapata miaka milioni 5 iliyopita. Kutokana na mgeni huyo zimepatikana spishi kama 30: miti, vichaka, mingine ya kwenye vinamasi, hata mmoja unaotambaa na kupanda juu ya miti mingine. Babu yao alikuwa chotara aliyebeba seti kamili za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni, kutoka pande zote mbili za wazazi. Kwa hiyo jeni zake nyingi zilikuwa na nakala ya akiba: moja ikiendelea na kazi ya zamani, nyingine inaweza kubadilika bila kuuangamiza mmea. Sidhani hiyo ndiyo sababu pekee ya spishi kuwa nyingi hivyo, lakini naiona ni nzito. Skalesia, mimea ya jamii ya alizeti ya visiwa vya Galapagos, nao wenye spishi takriban 15, walianza na kromosomu zilizorudufiwa vivyo hivyo.

Wala si lazima mlima au bahari itenganishe mimea ndipo spishi mpya itokee. Katika kisiwa kidogo cha Lord Howe, mashariki mwa Australia, kuna miti ya jamii ya minazi ya aina mbili, ndugu wa damu, inayoota karibu karibu. Mmoja ulizoea udongo wenye chokaa, majira yake ya kuchanua yakahama, na chavua ikawa haikutani tena na ya mwenzake kwa wingi. Utafiti wa mwaka 2006 ulionyesha hivyo.

Sasa niseme kinachoniuma. Mbuzi na kondoo walioletwa Mauna Kea waliila ahinahina mpaka ikabaki michache sana, mingine ikiwa imeng'ang'ania magengeni. Kuanzia miaka ya 1970 miche ilipandwa kwa mamia, na kwa macho mlima ulikuwa unapona. Wataalamu walipochunguza, wakakuta miche hiyo yote ni uzao wa mama wawili tu. Na ahinahina huikataa chavua yake yenyewe, na pia ya nduguye mwenye jeni zilezile za kukataa! Ukipanda madada watupu unapata maua mazuri na mbegu haba.

Ndiyo maana ripoti za "tumepanda miche kadhaa" hazinitoshi. Nataka kujua mama ni wangapi, kwa sababu mabadiliko ya jeni yaliyokusanyika kwa mamilioni ya miaka hayarudi kwa kuzidisha nakala za wachache. Wataalamu wa Mauna Kea walilitambua hilo. Walikwea magenge hadi kwenye mimea ya asili iliyosalia, wakachukua chavua yake, wakaipeleka kwa mikono kwenye maua ya ile iliyopandwa, ua baada ya ua.