Wapagazi wa 1914–1918: waenziwe au waachwe?

Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, Rais wa Tanzania huweka mkuki na ngao kwenye mnara, na Mkuu wa Majeshi akaweka sime. Ukitaja mashujaa, wengi wetu tunawafikiria waliolala Kaboya, wilayani Muleba, mamia ya wanajeshi waliokufa katika Vita ya Kagera ya 1978–79. Kuhusu hao hakuna mabishano. Mabishano yanawahusu wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, wachukuzi wa mizigo ya majeshi.

Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927, inawataja kuwa miguu na mikono ya jeshi. Maandishi yaleyale yanaahidi kwamba ukiifia nchi yako, wanao watalikumbuka jina lako. Jina hata moja halikuchongwa. Tena miaka mitano kabla yake, utawala wa Waingereza ulikwisha kuamua makaburi makubwa ya wapagazi yaachwe yamezwe na pori, upesi iwezekanavyo. Ni mwaka 2021 tu ndipo tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilipoomba radhi: marehemu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuenziwa kwa majina, au hawakuenziwa kabisa.

Wapo wanaosema yaishe. Vita ile ilikuwa ya Mjerumani na Mwingereza, na majeshi ya pande zote mbili yalikomba vyakula vijijini yakaacha njaa. Kuwapa waliotumikia majeshi hayo heshima ya Kaboya ni kuwasafisha wakoloni. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa askari waliojiunga kwa hiari yao na kulipwa vizuri.

Kwa wapagazi inapwaya. Wengi walikamatwa tu, majumbe wakitakiwa kutoa idadi fulani ya watu, na waliouawa na kuhara damu, malaria na njaa ni wengi kuliko waliouawa na risasi. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia warithi. Mpagazi hakumtumikia mkoloni kwa mapenzi. Alitumikishwa.

Kwa hiyo mimi singewaingiza kwenye gwaride la Julai 25. Mkuki na ngao si vyao. Ningeanza na madaftari ya malipo yaliyosalia, majina yasomwe na kubandikwa katika wilaya walikochukuliwa, mahali ambapo bado kuna ukoo wa kuwasomea hitima au misa. Na gharama alipe aliyebaki na mishahara yao.