Ibilisi kwenye spika ya baraza

Pleilisti iliyozua ubishi kwenye baraza moja hapa Mjini ina kisa kizima cha Shetani. Inaanza na Robert Johnson, mpiga gitaa wa Mississippi, Marekani, kwa wimbo alioutia kwenye santuri mwaka 1937: Shetani anabisha hodi asubuhi na mapema, mwenyeji anamwambia wakati umefika, wanatoka wakitembea bega kwa bega. Wanafuata Rolling Stones, bendi ya London, 1968, ambapo Shetani mwenyewe anashika maikrofoni na kujigamba kwa vita na mauaji aliyoyahudhuria. Halafu Charlie Daniels Band, 1979: Shetani anashuka Georgia, jimbo la Marekani, kuwania roho ya kijana mpiga fidla, anashindwa, anaacha fidla ya dhahabu. Mwisho ni Queen, 1975, kwa sababu mwimbaji wao Freddie Mercury alizaliwa hapa Unguja mwaka 1946, na kwa sababu ndani ya wimbo ule mmoja mna Bismillah na mna Beelzebub, jina jingine la Shetani.

Wazee walitaka spika izimwe. Vijana wakasema hiki ni kisa tu, mbona ngano za majini tunasimuliwa tangu tukiwa wadogo.

Nianze na wazee, maana hoja yao hukejeliwa kabla haijasikilizwa. Hawasemi kijana akisikia gitaa atakufuru. Wanasema nyimbo hizi zinamfanya adui apendeze: ana adabu, ana mali, anajua kuchagua vitu vizuri, na fidla anaipiga. Anayesikilizwa kila siku huzoeleka, na wasiwasi wa Ibilisi hauji na pembe. Hapo siwezi kuwapinga.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kukataa ala zenyewe. Hao nawaacha njiani. Hadithi wanayoishika ni ya Abubakar alipowakuta wasichana wawili wakiimba nyumbani kwa Mtume siku ya Idi, akakemea kwamba hizo ni zumari za Shetani. Lakini hadithi hiyohiyo inaendelea: Mtume akamwambia awaache, kila watu wana sikukuu yao. Na mji huu una Ikhwani Safaa, kundi la taarab, tangu 1905, fidla na ganuni, na wapigaji wake Ijumaa unawakuta msikitini kama watu wengine.

Vijana nao wana hoja nzito ambayo wenyewe hawakuitumia. Katika Surat Ibrahim, aya ya 22, mambo yakishahukumiwa, Shetani anawahutubia waliomfuata: sikuwa na mamlaka juu yenu ila nilikuiteni mkaniitikia, basi msinilaumu mimi, jilaumuni wenyewe. Kumpa Ibilisi nafasi ya kusema, basi, hakukubuniwa London. Tena wimbo wa 1968 unagonga karibu na hapohapo, pale unapouliza nani aliwaua akina Kennedy na kujibu kwamba ni mimi na wewe. Tofauti ni mahali hotuba ilipowekwa. Kwenye Qur'ani kesi imekwisha na msemaji ameshindwa. Kwenye wimbo hukumu haiji, watu wanabaki kucheza.

Ndiyo maana naona pleilisti ina nafuu kuliko wimbo mmoja mmoja: ukiweka Georgia baada ya majigambo ya 1968, majigambo yanapata jibu lake. Ila nafuu hiyo iko kwenye mpangilio, na baadhi ya programu za bure za simu huchanganya nyimbo zitakavyo. Siku ile spika ilitoa majigambo, ikatoa tangazo la bando, ikarudia majigambo.

Ninapokaza mimi ni kwingine. Katikati ya orodha kijana alichomeka ngoma ya kibuki, ya kupandisha masheitani, aliyoirekodi kwa simu nje ya ua wa watu: kodiani, makofi, kayamba. Masheitani wa kibuki asili yao Bukini, yaani Madagaska, wana ufalme wao, wanataka brandi, na si Waislamu. Ruhani ni Waislamu wa Uarabuni, rubamba ni wa Pemba. Kila kabila na ngoma yake. Robert Johnson anamsimulia Shetani, kibuki inamwita. Ngoma hupigwa mpaka sheitani apande kichwani mwa kiti, yaani mtu anayepandwa, aseme shida yake, apewe anachotaka. Uamini usiamini, ile ni tiba, ina wenyewe, na kuna mgonjwa ambaye sauti yake imo kwenye ile rekodi bila kuulizwa.

Bibi mmoja aliyekuwa akipita na kapu la sokoni alisimama. "Wanangu, mnamwita nani saa hizi?" Hakuna aliyemjibu, na mabishano yote kuhusu Rolling Stones yakawa madogo ghafla.

Kwa hiyo nyimbo za Marekani na Uingereza ningeziacha, zisikilizwe kwa zamu yake, na ikiwezekana kwa spika za masikioni, maana baraza ni la watu wengi. Ya kibuki ningeifuta. Anayeitaka aende kwa fundi mwenyewe, mganga wa ngoma hiyo, aombe idhini, na akinyimwa, basi.