Shangazi Mkalimani

Aliyemponza shangazi yangu ni Aishwarya Rai, nyota wa filamu za Kihindi. Aliuona uso wake kwenye kava la dividii, mwigizaji mwenzake Ajay Devgn kakaa pembeni, akalipa bila kuuliza zaidi. Jioni sebule yake ya Ngamiani, Tanga, ikajaa majirani, bajia na chai ya tangawizi. Kila mtu alijipanga kwa saa tatu za ngoma na ngumi.

Kumbe ni filamu ya Raincoat ya mwaka 2004, kazi ya mwongozaji Rituparno Ghosh, Mbengali asiyehitaji wacheza ngoma. Manu na Neeru, waliopendana zamani, wanakutana mchana wa mvua huko Kolkata. Wanakaa kwenye chumba chenye giza kilichojaa samani, wanazungumza. Basi. Nyimbo zipo, ila zinapita kwa nyuma tu, hakuna anayetikisa hata bega. India waliipa Tuzo ya Taifa ya filamu bora ya Kihindi. Sebuleni kwetu haikupata hata makofi.

Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiarabu, na ustadhi wa mtaa humwaliki kwenye mambo hayo.

“Msihangaike,” akasema shangazi. “Kihindi nakielewa.”

Kihindi chenyewe alikiokota ujanani, kwenye duka la vitambaa alikoajiriwa. Matajiri wake walikuwa Wagujarati, wakisema Kigujarati, tena kutwa nzima ni bei na madeni.

Manu akamtazama Neeru kwa macho ya majonzi, akanong'ona kitu.

“Anasema bei ya zamani ilikuwa nzuri,” shangazi akatafsiri.

Neeru akageuza uso.

“Anamjibu mzigo mpya haujaingia.”

“Dada, hawa si wapenzi?” jirani akauliza.

“Wapenzi, lakini biashara kwanza.”

Ukweli niliupata baadaye, kwenye nakala ya maandishi ya Kiingereza: muda wote ule walikuwa wanadanganyana. Neeru anajisifia mume mwenye pesa, Manu anajifanya mtu wa vipindi vya televisheni, na wote wawili wamefulia. Manu hata koti la mvua ni la kuazima.

Basi Neeru akalivaa koti hilo, akatoka kutafuta chakula. Nyuma akaingia mwenye nyumba. Hapo shangazi akaruka kutoka kwenye kochi. Maneno yote ya mtu huyu aliyajua!

“Kodi! Anadai kodi! Mwanamke hana kitu!”

Sebule ikachachamaa. Manu akatoa pesa, zile zile alizozisafiria kuwaomba rafiki zake, akaanza kumlipa mwenye nyumba. Shangazi akarusha mkono kumzuia, mkono ukapiga sinia, birika zima la chai likamwagikia deki. Deki ikatoa mlio kama wa paka, kioo kikawa cheusi.

Juma lililofuata wakanikalisha niwasimulie mwisho. Nikawaeleza kwamba Neeru alikuta barua mfukoni mwa koti, akajua Manu hana kazi, akamtilia humo vito vyake kimyakimya. Kwamba kisa chenyewe kimetoka kwenye hadithi ya Mmarekani, O. Henry. Jirani akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Akauliza kama koti lilirudishwa kwa mwenyewe. Nikamwambia lilirudi.

Shangazi alikuwa kimya, anapiga hesabu kwa vidole.

“Hivyo vito,” akasema, “gramu ngapi?”