Kabla ya Serengeti, Mpeleke Mtoto Lushoto

Likizo ya Juni au ya Desemba ikikaribia, familia nyingi za mjini huanza kuota Serengeti. Ni ndoto nzuri. Ninachokipinga ni kuanza nayo wakati mtoto ana miaka sita au saba. Akitokea Dar es Salaam atakaa garini karibu siku mbili, na akishaingia hifadhini ataendelea kukaa garini, kwa sababu kushuka hakuruhusiwi isipokuwa sehemu zilizotengwa. Simba akionekana, mara nyingi amelala kivulini. Baada ya dakika kumi mtoto anauliza lini mnarudi. Mtoto hukumbuka alichokifanya kwa mikono na miguu yake kuliko alichoonyeshwa kwa kidole kupitia dirishani, na hapo ndipo milima ya Usambara Magharibi inapoishinda mbuga yoyote kwa umri huo. Siku tatu Lushoto, mji ulio ndani ya milima hiyo, mtoto akitembea mwenyewe, zinatosha.

Kutoka Dar hadi Mombo, mji ulio chini ya milima hiyo, ni kama kilomita 320. Ondokeni saa kumi na moja alfajiri, watoto wakiwa bado na usingizi. Mnaokaa upande wa Tegeta au Mbezi Beach, piteni Bagamoyo hadi Msata badala ya kuhangaika na foleni ya malori ya Kibaha, Mlandizi na Chalinze. Msidanganywe na umbali kwenye simu. Kila kijiji kina kibao cha kilomita 50 kwa saa, na trafiki wapo, kwa hiyo hesabuni saa sita au saba pamoja na mapumziko. Lengeni kufika Mombo mchana, kwani barabara ya kupanda mlima si ya kujifunzia usiku.

Kutoka Mombo mnaacha barabara kuu na kupanda kilomita 33 hivi hadi Lushoto mjini. Ni lami, lakini ni kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Mnapanda karibu mita 1,000 kwa muda wa saa moja. Safari nyingi za familia huharibikia hapa, na chanzo huwa kimoja: mtoto amekula chipsi na soda Mombo, kisha amepewa simu achezee. Sikio la ndani linauambia mwili kwamba tunayumba, macho yaliyoganda kwenye kioo cha simu yanasema tumetulia. Mwili unachanganyikiwa, na kinachofuata ni matapishi. Basi Mombo apate kitu kikavu na kidogo, ndizi mbivu moja au kipande cha mkate, na maji kwa mafunda. Simu ifichwe. Akae mahali anapoweza kuona barabara ya mbele, dirisha liwe wazi kidogo, na apewe kazi ya kuhesabu kona. Anayejulikana kuwa hutapika anaweza kupewa dawa kama nusu saa au saa moja kabla ya kupanda, lakini kipimo kitoke kwa mfamasia kulingana na umri na uzito wake. Dawa ya promethazini haifai kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka miwili. Mifuko miwili ya kutapikia iwe karibu na mkono, isiwe kwenye buti.

Simameni Soni. Maporomoko yanaonekana kutoka barabarani, na dakika kumi na tano za kusimama wima humrudishia mtoto rangi ya uso.

Dereva naye ana somo lake. Kabla ya kuondoka Mombo akague maji ya rejeta injini ikiwa imepoa. Injini ikichemka njiani, asifungue kifuniko mpaka ipoe, la sivyo maji yatamrukia usoni. Siku ya kurudi ndiyo ya hatari zaidi. Ashuke na gia ya pili, na mwenye gari la otomatiki aweke 2 au L, injini ishike gari. Anayeshuka kilomita 33 huku amekanyaga breki mfululizo huzichemsha. Kwanza husikika harufu ya kuungua, halafu pedali inaanza kuzama. Harufu ikianza, atafute mahali papana pa kuegesha na kusubiri. Asimwagie maji breki zenye moto.

Lushoto ipo kwenye kimo cha karibu mita 1,400. Joto hupungua kwa wastani wa nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda, na mwezi Juni hadi Agosti usiku ni baridi kwelikweli kwa mtoto aliyezoea feni. Kila mtu awe na sweta moja zito, soksi jozi mbili na kofia ya kulalia. Mnapoulizia chumba kwa simu, swali la bei lifuatwe na mawili mengine: blanketi ni ngapi kwa kitanda, na maji ya moto yanapatikana saa ngapi? Nyumba nyingi huchemsha kwa kuni au umeme kwa muda maalumu, na wageni wanaofika saa tatu usiku huogea ya baridi.

Siku ya kwanza nendeni Irente. Ni kilomita tano au sita kutoka mjini kwa barabara ya vumbi inayopita katikati ya migomba, mahindi na nyumba za watu. Mtu mzima hutumia saa moja na nusu, mtoto wa miaka saba mhesabieni saa mbili na nusu kwa sababu atasimama kila penye kijito. Tembeeni kwenda, mrudi kwa gari mliloagiza mapema. Njiani kuna shamba la Irente linalouza jibini, jemu na mkate wake, na hapo ndipo pa kula mchana. Mwishoni ardhi inakatika ghafla. Chini yako, karibu kilomita nzima, kuna Mazinde na tambarare ya Umasaini inayoenda mpaka macho yanapochoka. Jua linazama mbele yenu, mnamo saa kumi na mbili na nusu jioni, na giza hufuata upesi mno, kwa hiyo tochi ni lazima.

Hapo Irente mzazi asilegeze mkono. Ukingo ni mwamba mtupu, na usidhani kila sehemu utakuta uzio. Mtoto wa chini ya miaka kumi ashikwe mkono kuanzia mita kumi kabla ya ukingo, na picha zipigwe wote wakiwa wamekaa chini. Picha ya kurudi nyuma hatua mbili ili wote waenee isipigwe pale.

Siku ya pili ni ya msitu wa Magamba, kaskazini ya mji, hifadhi ya mazingira asilia inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Kibali kinalipiwa kabla ya kuingia na risiti mnatembea nayo. Kilele chake kinapita mita 2,200, lakini msikimbilie kilele. Njia ya saa mbili chini ya miti mikubwa ya mikulo inatosha. Ingieni asubuhi, tembeeni kimya, msikilize matawi. Mbega weusi kwa weupe huruka juu kabla hamjawaona, kwa hiyo kelele za watoto ndizo zinazowanyima watoto wenyewe mbega. Kila mtu abebe maji lita moja. Baada ya mvua udongo mwekundu huteleza kama sabuni, na kandambili hazifai hata kidogo. Viatu viwe vyenye soli ya meno, vilivyokwisha kuvaliwa wiki mbili nyumbani. Kiatu kipya ndicho kinachomtoa mtoto malengelenge saa ya kwanza tu.

Jioni yake msilale mapema. Usambara Magharibi ina kinyonga ambaye hapatikani kwingine duniani, madume yake yakiwa na pembe mbili puani. Mchana ni vigumu kumwona. Usiku analala kwenye ncha ya tawi na rangi yake inapauka, na ukimulika tochi kwenye vichaka vya pembeni mwa njia anang'aa kama jani lililokauka. Mpeni mtoto tochi aongoze yeye. Kanuni ni mbili: kinyonga hashikwi, na tawi halikatwi. Atakayempata wa kwanza hatasahau mwezi wala mwaka, naamini hivyo kabisa. Tena huwa nafasi nzuri ya kumwondolea mtoto woga wa mnyama ambaye wengi wetu tulilelewa tukiambiwa ni wa mkosi.

Mwongozaji wa hapo mjini ni wa lazima Magambani, na bei isemwe wazi kabla ya kutoka: ni ya kikundi au ya kichwa, watoto wanahesabiwa, kibali kimo au hakimo? Ugomvi karibu wote wa jioni huzaliwa na maswali haya matatu yasiyoulizwa. Mtae, kwenye ukingo wa mbali wa milima, inapendeza mno, ila ni saa nyingi za barabara ya vumbi. Iachieni safari ya pili.

Kuhusu majira, masika ya Machi hadi Mei yaepukwe. Juni ni baridi na ukungu wa asubuhi, ila njia ni kavu. Mimi nachagua mwisho wa Desemba. Vuli inaishia, milima ni kijani, na plamu zinauzwa barabarani kwa ndoo. Zioshwe kwanza, na mtoto asimalize ndoo garini kabla ya zile kona.

Baada ya hapo ndoto zipande kwa ngazi. Akifika miaka tisa au kumi, Amani, upande wa Muheza, ambako Wajerumani walianzisha bustani ya mimea mwaka 1902. Akifika kumi na mbili na miguu imekomaa, Kitulo, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, uwanda wa maua kwenye kimo cha mita 2,600 hivi, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Maua hayo huchanua wakati wa mvua, Desemba hadi Aprili, kwa hiyo matope ni sehemu ya safari. Na Serengeti ije wakati anaweza kukaa saa nzima akimtazama chui asiyefanya lolote.

Mkisharudi, chagueni picha kumi tu, zichapishwe studio ndani ya wiki ya kwanza, na nyuma ya kila moja mtoto aandike mwenyewe mahali, tarehe na idadi ya kona alizohesabu. Simu huibiwa na kuharibika. Ile bahasha iwekwe kabatini pamoja na vyeti vya kuzaliwa.